Kabla ya Turubai, Nani Ataandika Wasifu?

Wasifu wa Mzee ulisomwa kwa dakika nne. Viti vya plastiki vilikuwa vimekwisha, nikasimama nyuma kabisa karibu na migomba, na nikasikia kila neno. Alizaliwa Rombo, akabatizwa, akasoma hadi darasa la saba, akaja Arusha kufanya kazi kiwandani General Tyre, akaoa, akastaafu, akaanza kusumbuliwa na presha, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, akafariki. Ameacha mjane, watoto watano na wajukuu kumi na mmoja. Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi, amina. Msomaji akakunja karatasi, kwaya ikaanza kuimba, na sisi majirani wa Sakina tuliokaa naye zaidi ya miaka thelathini tukatazamana.

Nusu ya karatasi ile ilikuwa hospitali. Mtu aliyeishi miaka sabini na kitu, akaumwa miwili, alielezwa zaidi kwa ile miwili.

Jina lake sitalitaja, ni la familia yake. Nitamwita Mzee, kama tulivyomwita wote. Ninaandika kwa sababu tangu siku ile nimehudhuria misiba mingi hapa mtaani na nimesikia karatasi ileile ikisomwa, majina yakibadilika. Nina ombi kwa wasomaji wenzangu, hasa wa Sakina, Kwa Iddi, Mianzini hadi Ngaramtoni. Lakini kwanza niseme nilichokijua mimi ambacho hakikusomwa.

Saa kumi alfajiri, kabla ya adhana na kabla ya bodaboda ya kwanza, tulikuwa tukisikia panga la Mzee likikatakata migomba kwa ajili ya ng'ombe wake wawili. Akimaliza anakoga, anakwenda kiwandani. Zamu ikiwa ya usiku, panga lilisikika saa mbili asubuhi, na hapo ndipo alipolala. Aliwabebea maji mke wake na wanawe hadharani, ndoo begani, miaka ambayo mwanamume kuonekana na ndoo hapa kwetu ilikuwa ni kuchekwa. Jioni aliwaita wanawe mmoja mmoja na madaftari yao, akayashika karibu na taa, akatafuta wino mwekundu wa mwalimu. Hesabu zenyewe zilikuwa zimeshampita, lakini alijua alama ya kosa ikoje, na kila alipoiona aliuliza, "Hapa mwalimu alitaka nini?" Mtoto alilazimika kumweleza mpaka aelewe. Wanawe wote watano walimaliza shule.

Katika nyumba yoyote ya jirani iliyokuwa na mzazi, maziwa ya Mzee yalifika kwa siku arobaini. Yalikuja katika chupa ya soda iliyozibwa kwa kigunzi cha mahindi. Mtoto aliyetumwa aliambiwa asisubiri, akabidhi na kuondoka, ili mwenye nyumba asianze kutafuta cha kurudisha. Mtoto wangu wa pili alikuja duniani mwezi ambao sikuwa na kazi. Chupa ile ilikuja kwangu asubuhi arobaini, na ninakumbuka hata kigunzi chake.

Kiwanda kiliposimama, mwishoni mwa miaka ya 2000, Mzee alikuwa na mvi tayari. Hakwenda kijiweni. Alinunua matairi chakavu akaanza kukata viatu vya katambuga, kisu chake kikilowekwa kwenye maji ya sabuni ili kiteleze ndani ya mpira. Kila jozi aliivaa mwenyewe kwanza, akatembea kutoka getini hadi barabarani na kurudi. Ikimbana aliirudia. Ndipo ilipokwenda soko la Kilombero.

Sasa nifike kwenye njia, maana njia ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Wanaoijua Sakina wanajua jinsi tulivyojaa hapa. Mashamba yaliuzwa vipande vipande, na viwanja vyetu vingi vilipimwa kwa hatua za miguu, muuzaji mbele, mnunuzi nyuma, shahidi akihesabu. Barabara hazikuhesabiwa. Masika moja mama mmoja wa nyumba za ndani alishikwa na uchungu usiku. Gari lilishindwa kupita kwenye uchochoro, wanaume wakambeba juu ya kiti cha mbao, tope magotini, hadi barabara ya Nairobi. Alijifungua salama. Asubuhi yake Mzee alitoka na jembe, akang'oa michongoma yake yote ya upande ule na kuipanda upya hatua tatu ndani ya kiwanja chake. Hakuitisha kikao wala hakumdai mtu. Nyumba zaidi ya ishirini zikapata njia ya gari.

Hatua tatu hizo hazikuandikwa popote. Baada ya yeye kufariki, kiwanja kiligawanywa, sehemu ikauzwa, na mnunuzi akaja na karatasi yake ya mauziano yenye vipimo vya zamani. Siwezi kumlaumu sana, alinunua alichoonyeshwa. Alisimika nguzo katikati ya njia. Tulikaa kikao mtaani, tukaulizwa maandishi yako wapi. Wazee watatu wakasimama kueleza habari ya michongoma, mmoja akasema ilikuwa miaka ya themanini, mwingine akasema tisini, na hapo hapo ushahidi ukaanza kulegea. Tuliishia nusu kwa nusu. Leo pikipiki inapita na gari halipiti. Mgonjwa akizidiwa usiku, tunarudi kwenye kiti cha mbao.

Ninaposema wasifu wa Mzee haukusema kitu, simaanishi kwamba ulikosa mapambo. Sentensi moja tu, "mwaka fulani alitoa hatua tatu za kiwanja chake kuwa njia ya mtaa," ikisomwa mbele ya watu mia tatu, familia, mchungaji na uongozi wa mtaa wakiwapo, ingekuwa ushahidi ambao hakuna mnunuzi angeupuuza kwa urahisi. Barabara kubwa ya njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru ina maandishi yake yote, kilometa 14.1, na kila mtu anaweza kuyasoma. Vichochoro tunavyopita kwenda kwenye barabara hiyo vilitolewa na akina baba kwa mdomo, na vinazikwa nao.

Najua kuna atakayeniambia: tenda wema nenda zako. Mzee mwenyewe angeniambia hivyo. Chupa zake za maziwa zilikuja kimyakimya makusudi, na dini zetu zote mbili zinamheshimu atoaye kwa siri. Lakini methali ile inamhusu mtenda wema, yeye ndiye aende zake. Sisi tuliotendewa tumebaki hapa, na deni limebaki mikononi mwetu. Mimi nilinywesha nyumba yangu maziwa ya mtu siku arobaini, kisha nikasimama kwenye msiba wake na kunyamaza kwa kuwa ratiba haikuwa na nafasi yangu. Nimejuta. Singependa wewe ujute.

Sababu moja ya karatasi zile kuwa nyembamba ni kwamba wengi wetu hapa ni watu wa kuja. Wasifu wa Mzee uliandikwa na ndugu zake wa Rombo, waliokaa naye hadi alipokuwa kijana. Walimjua mchunga mbuzi, wakamjua mgonjwa. Miaka ya katikati, yaani maisha yenyewe, ilikuwa Sakina, na hakuna aliyepiga simu Sakina kuuliza. Siku ya mazishi mwili ukatoka mochwari ya Mount Meru, Coaster mbili zikaufuata, Tengeru, Usa River, Boma Ng'ombe, hadi kihambani kwao. Wenye kumbukumbu ya ujana wakabaki na kaburi, wenye kumbukumbu ya utu uzima wakarudi Arusha na viti vya kukodi.

Na tusidhani kwamba wakubwa hukumbukwa wenyewe. Barabara ya Sokoine tunaipita kila tuingiapo mjini. Edward Moringe Sokoine, mtoto wa Monduli, alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984 akiwa Waziri Mkuu. Kitabu cha maisha na uongozi wake kilizinduliwa Dar es Salaam Septemba 2024, miaka 40 kamili ikiwa imepita. Wangapi kati ya waliofanya naye kazi, waliokula naye, waliomwona akiwa baba nyumbani kwake, walikuwa wameshaondoka? Ikiwa Waziri Mkuu amesubiri miaka 40, fundi wa katambuga atasubiri mingapi?

Upande wa pili wa Mlima Meru tuna mfano wa aliyewahi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa, kwa nauli iliyochangwa na Wameru wenyewe. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule. Lakini mwaka 1967 Kirilo, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, alichapisha kitabu cha kesi ile, The Meru Land Case, na kwa sababu hiyo mjukuu wa Meru leo hategemei wazee watatu wanaobishana kuhusu mwaka.

Kitabu si lazima. Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge barua kuanzia mwaka 1931 hadi 1958. Ndugu huyo hakufanya jambo kubwa, alizitunza tu, na kwa kuzitunza kwake zikaja kuchapishwa, nasi tukamwona mshairi akiwa mtu wa familia. Nyumbani kwako pia yako makaratasi ndani ya sanduku: stakabadhi za ada, daftari la kikundi, barua ya udhamini ambayo baba alimwandikia mtoto wa jirani. Baba akifariki, kitu cha kwanza kuchomwa wakati wa kusafisha chumba ni hayo. Usiyachome kabla hujayasoma.

Cheti cha kifo tunakifuata haraka, na ni vizuri, sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30 na mirathi haisogei bila hicho. Kitaandikwa jina, tarehe na sababu ya kifo. Hakina nafasi ya kuandika aliishije. Nafasi hiyo ni yetu.

Kwa hiyo naomba hivi. Kama baba yako yu hai, nenda kwake Jumapili hii na daftari, au washa kinasa sauti cha simu na uiweke mezani. Usimuulize historia ya maisha yake, atakwambia hana. Muulize mshahara wake wa kwanza aliufanyia nini. Muulize siku aliyofika Arusha alilala kwa nani. Mama akiwa karibu mwache aingilie, kwa kuwa yeye anakumbuka yale ambayo baba ameamua kuyasahau. Akina mama wana habari zao, nzito kuliko hizi, nao wanastahili daftari lao. Nimeanza na akina baba kwa sababu wengi wao huondoka hawajasema. Kama aliwahi kutoa njia, maji au sehemu ya kiwanja, andikeni makubaliano sasa, yeye mwenyewe akitia saini na mwenyekiti wa mtaa akishuhudia.

Kama ameshafariki, ongezeni siku moja ya kuuliza. Waulizeni mama wa duka la kona, fundi baiskeli, na wafanyakazi wenzake wa zamani. Andikeni kweli tupu. Aliyekuwa mkali aandikwe mkali, na asiyekuwa mkarimu asipambwe kwa ukarimu wa mwingine, maana sifa za bure ndizo zilizofanya watu waache kusikiliza wasifu. Maradhi yapewe sentensi moja.

Kikao cha kwanza cha msiba kila mara kina mtu wa turubai, mtu wa chakula, mtu wa usafiri na mtu wa kaburi. Kikao kijacho hapa Sakina, kabla ya turubai kutajwa, simama uulize nani ataandika wasifu. Asiponyoosha mkono mtu, nyoosha wewe.