Aibe dawa au mkewe afe?

Katika mji mmoja wa Ulaya, mke wa Heinz anaumwa saratani na yuko karibu kufa. Dawa ya kumwokoa ni moja tu. Mfamasia ameitengeneza kwa dola 200, anaiuza 2,000. Heinz amekopa kwa kila anayemfahamu, amepata nusu. Anaomba apunguziwe, au alipe baadaye. Mfamasia anakataa. Je, aibe?

Heinz hakuwahi kuwepo. Ni kisa cha kubuni alichotumia mwanasaikolojia wa Marekani, Lawrence Kohlberg, kuwahoji wavulana katika miaka ya 1950. Hakujali sana kama mtoto amesema "aibe" au "asiibe", alitaka sababu. Mmoja atasema asiibe kwa kuwa atafungwa, mwingine asiibe kwa kuwa sheria ni ya wote. Jibu ni lilelile, fikra ni tofauti kabisa. Hapo ndipo visa vya namna hii vinapomfaa mzazi. Mtoto anasema anachofikiri bila kuogopa kiboko, maana nyumbani hakuna aliyekosa.

Tatizo ni kwamba kisa kimeacha milango miwili tu wazi. Mwaka 1982 Carol Gilligan, aliyefanya kazi na Kohlberg Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha kitabu chenye majibu ya watoto wawili wa miaka 11. Jake alijibu moja kwa moja: aibe, uhai una thamani kuliko fedha. Amy alisita. Labda Heinz akope, alisema, au wakae waongee watafute njia nyingine. Halafu akiiba akafungwa, na mke akazidiwa tena, itakuwaje?

Kwa vipimo vya Kohlberg, Amy alionekana yuko nyuma ya Jake. Ajabu kidogo, kwa sababu familia yenye mgonjwa wodini huuliza kama Amy: nani apigiwe simu, nani achangie, nani abaki na mgonjwa usiku.

Wala jibu zuri la mezani si ahadi. Aliyemtetea Heinz kwa ufasaha jioni anaweza kuficha kikombe alichovunja asubuhi.

Kwa hiyo, mzazi, ukimsimulia mwanao kisa hiki naye akauliza, "Kwani hawezi kulipa kidogokidogo?", usimkatize kwamba hilo halimo kwenye swali. Muulize Heinz aanze kuzungumza na nani, na amwambie nini.