Viyoyozi vya ofisi: Wenye majengo wasisubiri 2030

WAPANGAJI wengi wa ofisi katikati ya jiji la Dar es Salaam huuliza kodi, maegesho na jenereta kabla ya kutia saini mkataba. Wachache huuliza umri wa viyoyozi. Kwa maoni ya safu hii, hapo ndipo hasara kubwa ilipojificha, na inamsubiri mwenye jengo.

Sababu ni gesi. Mashine nyingi za zamani zinatumia R-22, ambayo huharibu tabaka la ozoni. Chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, nchi zinazoendelea, Tanzania ikiwamo, zilizuia ongezeko la gesi za kundi hilo mwaka 2013. Zikatakiwa kupunguza matumizi kwa asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020 na asilimia 67.5 mwaka 2025. Mwaka 2030 ndio mwisho, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo hadi 2040. Bidhaa inayopunguzwa sokoni kwa amri si ya kungojea ishuke bei.

Wala mtu asidhani atajaza gesi nyingine yakaisha. R-410A ina mgandamizo wa takriban mara moja na nusu ya R-22 na inataka oili tofauti. Akitokea fundi wa kupendekeza R-290, mwenye jengo ajue kuwa hiyo ni propani, jamii ya gesi ya kupikia. Kuitia katika mashine isiyoundwa kwa ajili yake ni kukaribisha moto ofisini.

Tuchukue jengo lenye viyoyozi 40. Upepo wa chumvi wa Upanga au Masaki hula koili za nje, hivyo tukadirie miaka 10 kwa kila mashine. Basi zibadilishwe 4 kila mwaka, tukianza na zinazovuja. Fedha zitengwe kila mwezi kutoka kwenye kodi na ziwe na akaunti yake, zisiguswe kwa ajili ya gari jipya. Asiyefanya hivyo atanunua mwezi Februari, joto limepamba moto, fundi anapanga bei anavyotaka na mpangaji anadai apunguziwe kodi.

Machujio yasafishwe kila mwezi. Hiyo ni kazi ya maji na kijana mmoja. Kigumu zaidi ni daftari: namba ya mashine, mwaka iliyofungwa, aina ya gesi, tarehe za matengenezo. Kwingine kumbukumbu hizo zimo kichwani mwa fundi, naye akihama huondoka nazo.

Mikataba nayo irekebishwe. Kuandika kuwa mpangaji "atatunza" viyoyozi hakusemi nani atanunua kipya kompresa ikifa.

Anayenunua jengo mwaka huu adai daftari hilo kabla ya kujadili bei. Likikosekana, ahesabu mashine zote kuwa ni za kubadilishwa, na gharama hiyo aikate kwenye bei.