Damu Kwanza, Vidonge Baadaye

Homa ikiingia siku ya nne, mtu hushuka daladala Darajani, Zanzibar, akaingia duka la dawa na kusema, "Nipe rangi mbili." Anapewa vidonge sita vya antibiotiki vilivyofungwa kwenye karatasi. Hakuna anayemuuliza kama aliwahi kuambiwa ana ugonjwa wa moyo. Biashara hii inaua, na sisi tunaoinyamazia tunashiriki.

Yapo maradhi ambayo vidonge sita huyaficha tu. Vijidudu huingia kwenye damu kupitia ufizi, jino bovu au kidonda cha ngozi, vikaganda kwenye vali ya moyo iliyokwisha kuharibika. Kwetu vali nyingi zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi, iliyoanza na maumivu ya koo utotoni yasiyotibiwa. Homa hupanda na kushuka, jasho humwagika usiku, mwili hukonda, pumzi hukatika. Kipande cha uoto, yaani donge la vijidudu lililoganda, kikibanduka kwenye vali kikafika kwenye ubongo, mgonjwa huamka amepooza upande mmoja. Hapo jirani husema kapigwa na upepo!

Mdudu hajulikani mpaka damu ioteshwe maabara, nayo ichukuliwe mara tatu, kwenye mishipa tofauti, kabla ya dawa ya kwanza. Vidonge vya dukani havimalizi vijidudu vya kwenye vali. Vinavipumbaza, damu haioteshi kitu, na daktari anabaki kubahatisha matibabu ya sindano za mshipani ya wiki 4 hadi 6.

Na tuache kusingizia malaria. Visiwani maambukizi yake yamekuwa chini ya asilimia 1 kwa zaidi ya miaka kumi. Homa ya wiki mbili inadai kipimo, haidai kukisiwa.

Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar uwafungie wanaouza dawa hizi bila cheti cha daktari, hata duka likiwa la nani. Wizara ya Afya ihakikishe chupa za kuotesha damu hazikosekani Hospitali ya Mnazi Mmoja wala hospitali za wilaya. Mwenye homa na mlio moyoni apigwe eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, upesi, asije akapandishwa boti kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, vali imeshatoboka. Na mwenye vali bandia asing'olewe jino kabla ya kumweleza daktari wa meno, ili apewe dawa yake ya kinga saa moja kabla.