Muuguzi bora: ujuzi au huruma?

Mama anayetoka kijijini kwenda kujifungua Hospitali ya Somanda, mjini Bariadi, ametafuta nauli na kuacha watoto nyumbani. Je, anahitaji muuguzi mwenye huruma, au ujuzi unatosha?

Ujuzi ndio kwanza. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya vifo vya uzazi duniani. Sindano ya oksitosini, ikichomwa mara tu mtoto anapozaliwa, husaidia kuzuia hali hiyo. Machozi ya muuguzi hayazuii damu.

Lakini sindano humsaidia aliyefika. Mama aliyefokewa uzazi wa kwanza, wa pili anaweza kuzalia nyumbani. Na anayemwogopa muuguzi huficha: hasemi alikunywa dawa za kienyeji, wala kwamba damu ilianza jana.

Huruma tunayoisema ni vitendo: kueleza kabla ya kumgusa mgonjwa, kuvuta pazia, kuitika akiita. Hayo hufundishika. Ila tusimdai upole muuguzi tunayemwachia wodi nzima usiku peke yake.

Ukitukanwa, mwone mganga mfawidhi. Lipo pia Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, lenye mamlaka ya kumwajibisha muuguzi.