Ganzi si kupooza

Mwanafunzi wa udaktari wa meno hufundishwa jinsi ubongo unavyoendesha taya na ulimi. Hujifunza kwa Kifaransa, hutahiniwa kwa Kifaransa, kisha huenda kumtibu mama wa sokoni anayesema Kiswahili. Kwa maoni yangu, sehemu moja ya somo hilo ni kazi yetu sisi wa lugha, nasi tumeiacha.

Chukueni sindano ya ganzi ya taya la chini. Neva inayobeba hisi za ulimi hupita karibu sana na ile ya meno, kwa hiyo mara nyingi nusu ya ulimi huingia ganzi pamoja na meno. Lakini misuli ya ulimi inaendeshwa na neva nyingine, ya jozi ya 12 kati ya zile za kichwa, na hiyo haikuguswa. Ulimi bado unatembea. Kinachokosekana ni habari za kurudi kwenye ubongo: ncha iko wapi, imegusa nini. Ndiyo sababu sauti kama [s] huweza kuharibika, na mgonjwa huweza kujiuma ulimi bila kujua.

Mgonjwa husema: "Dokta, ulimi umekufa." Kiswahili kina maneno mawili hapa: ganzi ni kukosa hisi, kupooza ni kukosa mwendo. Daktari anayeyatofautisha hujibu: "Mama, umeingia ganzi tu, haujapooza. Baada ya saa chache utarudi." Asiyeyatofautisha humwacha mtu aende nyumbani akidhani amepata kiharusi.

Neno la tatu ni gumu zaidi: kusikia. Sikio husikia sauti, ulimi husikia utamu, mwili husikia baridi. Sindano huondoa maumivu, lakini mara nyingi mtu bado husikia akigandamizwa. Daktari akiuliza "Unasikia?", mgonjwa mkweli atajibu "Ndiyo", na sindano itaongezwa bure. Vibaya zaidi, daktari aliyezoea jibu hilo hatamwamini yule anayeumia kweli. Afadhali aulize: "Inauma, ao unasikia tu nikigusa?"

Wako watakaosema sayansi ya neva ina lugha yake. Ni kweli, wala sidai majina ya neva yote yatafsiriwe. Nasema tu kwamba hisi na mwendo vina njia mbili mwilini, na lugha ya mgonjwa imekwisha kuvitenganisha. Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa. Heshima hiyo ifike hata kwenye kiti cha daktari wa meno.

Nawaomba walimu wa vitivo hivi viwili watupatie saa 2 tu kwa mwaka. Wenzetu walete mchoro wa neva za kichwa, sisi tulete maswali kwa Kiswahili cha hapa kwetu. Wanafunzi wa fonetiki nao watafaidika, maana tumezoea kueleza jinsi ulimi unavyotoa sauti bila kuuliza unajuaje mahali ulipo. Tuanze na maswali 10, tuyajaribu kwa wagonjwa, na yale wasiyoyaelewa tuyaandike upya.