MOYO NA MSHTUKO: NANI ANAPIMWA, NANI ANAAMBIWA AENDE NYUMBANI?



Wako watu wasemao kwamba moyo wa Mzungu na moyo wa Mtu Mweusi si sawa, na kwamba mwanamke akishika kifua ni mambo yake ya kike tu, apewe maji akalale. Maneno haya tumeyachoka. Tunayajibu kwa hesabu, na hesabu yenyewe yatoka Marekani, ambako hospitali huandika rangi ya kila mgonjwa.

Uko ugonjwa wa moyo uitwao takotsubo. Madaktari wa Japani waliueleza mwaka 1990, wakaupa jina la mtungi wa kunasia pweza, kwa kuwa moyo huvimba upande wa chini na kubaki na shingo nyembamba. Mtu hufiwa, au hushikwa na hofu kubwa, au huugua ugonjwa mwingine mzito; mwili humwaga homoni za mshtuko, na moyo hulegea ghafula. Kifua huuma, pumzi hupungua, ungedhani mshipa wa moyo umeziba. Wengi hupona kwa majuma machache, ikiwa wametunzwa.

Sasa hesabu. Watafiti wa Arizona walitazama rekodi za hospitali za Marekani za 2016 mpaka 2020, wagonjwa karibu 200,000. Wanawake walikuwa zaidi ya wanane katika kila kumi. Basi ni ugonjwa wa akina mama? Ngoja kwanza. Katika kila wanawake 100 walikufa 5 au 6. Katika kila wanaume 100 walikufa 11. Madaktari hueleza kwamba mara nyingi mwanamume hupatwa akiwa tayari ameumia mwili au ana ugonjwa mwingine mkubwa. Tunakubali. Lakini sisi watu wa reli twajijua pia: kifua chauma Jumatatu, mtu anameza dawa ya tumbo na kuingia zamu, Alhamisi anabebwa kwa machela.

Na rangi? Wazungu waliandikwa kuwa na ugonjwa huu zaidi ya mara mbili kuliko Weusi. Mwenye hila atasema, mwaona, Mtu Mweusi hajui huzuni. Loo! Ugonjwa huu haujulikani kwa kumtazama mtu usoni. Lazima apimwe umeme wa moyo, apimwe damu, na mara nyingi apitishwe mpira mwembamba mshipani hadi moyoni. Asiyepimwa haandikwi.

Na nani hupelekwa kupimwa? Mwaka 1999 ilichapishwa habari ya madaktari 720 wa Marekani walioonyeshwa wagonjwa katika picha za video. Walikuwa waigizaji, maneno yao yale yale, maumivu yale yale. Mwanamume Mzungu, mwanamke Mzungu na mwanamume Mweusi walipelekwa kwenye kipimo cha mpira sawasawa, karibu 91 katika kila 100. Mwanamke Mweusi alipelekwa karibu 79. Moyo wake ulikuwa na kosa gani? Hakuwa hata mgonjwa, alikuwa mwigizaji! Kilichopungua kilikuwa ndani ya macho ya daktari.

Mtu asituambie kwamba hayo ni ya Marekani, kwetu daktari na mgonjwa ni rangi moja. Kwetu pia yuko anayetazamwa viatu kabla ya kifua, na yuko mama anayeambiwa ni mawazo tu. Tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara Kenya hukatwa shilingi 2.75 katika kila 100 kwa bima ya afya. Fedha hizo hazikatwi kwa kutazama viatu.

Kwa hiyo tunataka mkutano ujao wa tawi uulize mambo haya: Kliniki tunayopelekwa ina mashine ya kupima umeme wa moyo? Nani anajua kuisoma saa nane za usiku? Na mke wa mwanachama akifika hapo ameshika kifua, atapimwa siku ile ile au ataambiwa arudi? Wajumbe waje na majibu yaliyoandikwa.