Mwenye Redio Aliyeingia Siasa

Juma lililopita mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 14, alinikuta uani hapa Mutakura nikichambua maharagwe. Alikuwa amewasikia watu wazima wakilitaja jina la Alexis Sinduhije, kisha wakapunguza sauti alipokaribia. Akaniuliza: “Mama mdogo, huyo ni mtu mwema au mtu mbaya?” Nilimwahidi nitamjibu, na kwa kuwa naamini swali hilo limo katika nyumba nyingi za mtaa wetu, nalijibu hapa.

Sinduhije alikuwa mwandishi wa habari. Mwaka 2001, vita vikiwa bado vinaendelea, alianzisha mjini Bujumbura kituo cha Radio Publique Africaine, ambacho sote twakiita RPA. Aliwaajiri Wahutu na Watutsi pamoja, hata waliokuwa wapiganaji wa pande zote mbili. Mwaka 2004 alipewa tuzo huko New York na shirika linalowatetea waandishi. Lakini ninachokikumbuka mimi ni redio ya baba, iliyowekwa juu ya kabati ili sisi watoto tusiifikie. Habari zilipoanza, hata masufuria hayakuruhusiwa kugongana. Zilipokwisha, jirani aliuliza kutoka upande wa pili wa ukuta, “Mmesikia?” na baba akajibu bila kwanza kupima ni nani aliyeuliza. Aliyekulia katika mji huu miaka ile atajua hilo lilikuwa jambo kubwa kiasi gani.

Mwisho wa mwaka 2007 mwenye redio akaaga redio, akakusudia kugombea urais wa 2010. Chama chake alikiita cha usalama na demokrasia. Wizara ikakikataa, kwa hoja kwamba usalama ni kazi ya dola. Basi neno likageuzwa kuwa mshikamano, na kwa kuwa kwa Kifaransa maneno yote mawili huanza kwa herufi moja, jina la MSD likabaki lile lile! Novemba 2008 alikamatwa, akashitakiwa kumtukana Rais, akawekwa Mpimba hadi Machi 2009, mahakama ilipomwona hana hatia.

Hapo ndipo baba alipoanza kunung’unika. “Mwenye mizani akija kununua nyama,” alisema, “nani atapima?” Nami nakiri kwamba hoja hiyo sijaishinda hadi leo. Msikilizaji alikuwa na haki ya kujua kama anasikia habari au kampeni. Hata hivyo, si haki kuwahukumu waandishi waliobaki kwa safari ya mwanzilishi wao. Januari 2015 mkurugenzi wa RPA, Bob Rugurika, alifungwa baada ya redio kutangaza uchunguzi wake juu ya masista watatu wa Kiitalia waliouawa Kamenge Septemba 2014. Alipotolewa Februari, umati mkubwa ulijaa barabarani kumlaki. Mama yangu alikuwamo, naye hajapata kushika kadi ya chama chochote.

Yaliyofuata ni mazito. Machi 2014 vijana wa MSD walipambana na polisi makao makuu ya chama. Watu 21 wakahukumiwa kifungo cha maisha, naye Sinduhije akakimbia. Aprili 2015 maandamano yakaanza, na barabara zetu hapa Mutakura zikafungwa kwa mawe na matairi. Mei, katika jaribio la mapinduzi, RPA iliteketezwa, na Rema FM, iliyokuwa upande wa serikali, ikashambuliwa pia. Desemba Marekani ilimwekea Sinduhije vikwazo kwa madai ya kuongoza upinzani wa silaha. Vikaondolewa Novemba 2021 mpango wote wa vikwazo kwa Burundi ulipofutwa. Serikali yetu yamshitaki hadi leo kuhusu kikundi cha RED-Tabara.

Basi nilimwambia kijana hivi: aliyewakalisha mahasimu katika studio moja alifanya kazi njema, na hakuna awezaye kuifuta. Na ikiwa mtu huyo huyo aliwatuma vijana kushika bunduki, mama za vijana hao wanamdai jibu, wawe wa Mutakura au wa kwingine. Lipi limethibitishwa na lipi ni tuhuma, hilo sharti alitenganishe mwenyewe, neno kwa neno, kama nilivyokuwa nikitenganisha maharagwe na mawe.

Jibu halikumridhisha. Aliuliza tena, safari hii kama redio ya babu ingali inafanya kazi. Nikamwambia inafanya kazi, ila haina betri.